Kutuma kripto kwa jina badala ya anwani ndefu: tahadhari

Kutoka: Zuhura

Ndugu zangu, salaam.

Wengi humu wanaotumia kripto kuwatumia jamaa fedha wamehamia kwenye lakabu, yaani jina fupi badala ya anwani ndefu. Unaandika jina linaloishia na .eth, au kitu kama anwani ya baruapepe, kisha pochi (programu yako ya kutunzia na kutumia kripto) inajitafutia anwani yenyewe. Ni rahisi, sikatai, ila jueni mnachokiacha. Anwani ya Bitcoin inayoanza na bc1 ina herufi 6 za uhakiki mwishoni. Ukikosea herufi moja hadi nne, pochi inaikataa papo hapo. Jina halina ulinzi huo: ukikosea herufi moja umeandika jina jingine halali, na huenda kuna mjanja aliyelisajili akiwasubiri wanaokosea. Muamala ukishathibitishwa haurudi.

Kuna pia herufi zinazofanana. «a» ya Kilatini na «а» ya Kirusi kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni mbili zenye namba tofauti (U+0061 na U+0430). ENS, mfumo wa majina ya .eth, ina kanuni, ENSIP-15, inayokataa michanganyiko ya aina hiyo, lakini pochi isiyoifuata itakubali. Na hakuna kanuni itakayokuzuia kusoma «rn» ukadhani ni «m», au «l» ukadhani ni tarakimu 1.

Linalosahaulika zaidi ni muda. Jina la .eth halinunuliwi likawa lako milele, hulipiwa kwa mwaka. Likiisha, mwenyewe ana siku 90 za kulihuisha. Katika siku hizo jina huendelea kuonyesha anwani ileile, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Baada ya hapo linauzwa kwa bei inayoshuka kwa siku 21, kisha yeyote anaweza kulichukua kwa ada ya kawaida na kuliwekea anwani yake. Kama kwenye simu yako umehifadhi jina tupu, utamtumia mgeni bila kuona tofauti yoyote.

Jina dogo lililo chini ya jina la mtu mwingine ni dhaifu zaidi, kwani mwenye jina kubwa anaweza kulinyang'anya au kulielekeza kwingine, isipokuwa kama alilifunga kwa utaratibu maalumu wa ENS.

—

Kutoka: Baraka

Dada Zuhura, ahsante. Na haya majina ya Lightning (mtandao wa malipo ya haraka ya Bitcoin) yenye alama ya @, nayo vipi? Mpokeaji wangu analo la namna hiyo.

—

Kutoka: Zuhura

Kaka Baraka, hayo yako mikononi mwa seva. Pochi yako inauliza kikoa (jina la tovuti) kilicho baada ya @, seva inajibu kwa ankara mpya kila mara. Aliyeiteka seva, au akaunti ambako kikoa kimesajiliwa, atajibu kwa ankara yake, nawe utalipa ukiona jina lilelile. Mfumo mpya wa BIP 353 huweka maelezo ya malipo kwenye rekodi za DNS (daftari la mtandao la vikoa) zilizotiwa DNSSEC, yaani saini ya kidijitali ya kuthibitisha rekodi hizo. Hilo linazuia kughushi njiani, lakini halizuii aliyeingia kwenye akaunti ya kikoa, maana huyo rekodi zake zitasainiwa vilevile.

—

Kutoka: Salim

Naongeza mambo mawili. Kwanza, lakabu isielekezwe kwenye anwani ya kuwekea fedha ya soko la kubadilishia sarafu za kripto. Soko linaweza kuibadilisha, na sarafu kama XRP huhitaji pia namba ya ziada ya mpokeaji. Ikikosekana, fedha hufika sokoni bila kujulikana ni za nani. Pili, jina lililotangazwa hufungua salio na historia nzima ya anwani hiyo kwa kila mtu. Mpokeaji aweke pochi ya lakabu peke yake, na akumbuke kwamba akihamishia akiba yake kuu moja kwa moja kutoka hapo, ameziunganisha mbili hizo.

—

Kutoka: Zuhura

Sawa kabisa, Salim. Kwa wanaoendelea kutumia .eth, utaratibu ni huu: andika jina, acha pochi ionyeshe anwani kamili, kisha mpigie mpokeaji akusomee anwani yake yote kutoka kwenye pochi yake. Herufi nne za mwanzo na nne za mwisho hazitoshi, kwani wezi hutengeneza anwani zinazolingana hapo hapo na kukutumia vijisenti ili zikae kwenye historia yako. Tuma kiasi kidogo, mpokeaji akiri kimefika, halafu hifadhi anwani ile kwenye orodha ya watu wako. Fungu kubwa litume kwa anwani hiyo uliyohifadhi. Usiandike jina upya, kwani rekodi inaweza kubadilishwa kati ya malipo mawili, wala usinakili kutoka kwenye historia ya miamala. Mwezi ujao jina likikupa anwani tofauti na uliyohifadhi, simamisha malipo, mpigie kwanza.