Mjadala: Aljebra ya michakato iingie ndani ya lugha za programu, au ibaki kwenye daftari?

Mwanzisha mada, Ngong Road

Habari zenu wakuu. Naanza na tukio lililonifanya nilete swali hili.

Mwaka jana tuliandika mfumo wa kulipia nauli kwa simu kwa ajili ya sacco moja ya matatu. Abiria analipa, kifaa cha makanga kinasubiri uthibitisho, na sekunde 30 zikipita bila jibu kinafuta tiketi ili foleni isikwame mlangoni. Tuliujaribu ofisini wiki mbili, haukuonyesha tatizo. Siku ya tatu barabarani, saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha na mtandao unasuasua, mama mmoja akalipa. Uthibitisho ukaingia na tiketi ikafutwa, yote mawili kwa mpigo. Pesa zilitoka, akashushwa kabla ya kwake, akatembea kwenye mvua ile. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandika, na bado linaniuma.

Ndani ya msimbo kulikuwa na sehemu mbili: moja inaamshwa na uthibitisho, nyingine inaamshwa na saa. Kila moja ilichungulia kwanza kama mwenzake ameshafanya kazi, kisha ikaendelea. Kati ya kuchungulia na kuendelea pana upenyo mdogo sana, na siku hiyo zote mbili zilipita humo.

Nikitafuta namna ya kuziba upenyo huo nikakutana na kazi ya Waholanzi wawili, Jan Bergstra na Jan Willem Klop. Mwaka 1982, huko Amsterdam, walianza kujenga aljebra ambayo herufi zake hazisimamii nambari bali vitendo. Alama ya kujumlisha husomwa "au". Nukta ya kuzidisha husomwa "kisha". Kuna alama ya mambo mawili kwenda sambamba, na alama ya mkwamo, yaani hali ambayo hakuna kinachoweza kuendelea. Tony Hoare wa Uingereza alikuwa ametangulia na CSP mwaka 1978, na Robin Milner na CCS mwaka 1980, nazo pia ni namna za kuandika michakato inayowasiliana. Hizi tatu ni ukoo mmoja.

Mfumo wetu wote wa nauli, kwa aljebra hiyo, ni mstari huu:

lipa · (uthibitisho · tiketi + muda_kwisha · futa)

Kanuni inasema kitendo cha kwanza cha upande mmoja kikishatokea, upande wa pili umeondoka kabisa. Upenyo haupo, kwa sababu kuchagua na kutenda ni jambo moja.

Sasa swali. Kwa nini niandike mstari huu kwenye karatasi, halafu niutafsiri kwa mkono kuwa sehemu mbili zinazochunguliana? Kwa nini lugha yenyewe isiukubali? Jambo hili lilikwisha kujaribiwa: André van Delft alitengeneza SubScript, kiendelezi cha lugha ya Scala kilichojengwa juu ya aljebra hiyo ya Bergstra na Klop, ambamo "+" na "sambamba" ni sehemu ya sarufi ya lugha. Msimamo wangu ni kwamba huko ndiko tunakopaswa kwenda, na vijana wetu wanaojifunza programu hapa Nairobi wafundishwe hivyo mapema. Nipingeni.

Mchangiaji, Rongai

Pole kwa huyo mama, na asante kwa kusema wazi kwamba kosa ni lenu. Lakini dawa unayopendekeza ni kubwa kuliko ugonjwa.

Lugha ya Go ipo tangu 2009. Ina chaneli, yaani njia ya kupitishia ujumbe, na ina `select`, inayongoja chaneli kadhaa na kuchukua iliyo tayari, na zote mbili zimetoka moja kwa moja kwa Hoare. Ungeweka chaneli ya uthibitisho na chaneli ya saa ndani ya `select` moja, upenyo wako ungeisha kwa mistari sita. Hakuna aliyehitaji kujifunza alama mpya.

Halafu tazama historia. Mwaka 1983 kampuni ya INMOS ya Bristol ilitoa lugha inayoitwa occam, ikiwa na CSP ndani ya mifupa yake: PAR ya sambamba, SEQ ya mfuatano, ALT ya kuchagua. Ilikuwa nzuri mno, lakini iliandikwa kwa ajili ya chipu moja, Transputer. Chipu ilipozama, lugha ikazama nayo. Kiendelezi cha lugha kina hatari hiyohiyo: kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, ikipanda toleo, wewe unasubiri mtu mmoja huko Ulaya apate nafasi ya kukirekebisha. Maktaba, yaani msimbo wa ziada unaouazima, ikikushinda unaing'oa. Sarufi ikikushinda unaandika upya kila kitu.

Mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nane usiku seva ikianguka. Saa hiyo nataka msimbo ambao kijana niliyemwajiri Jumatatu anaweza kuusoma.

Mwalimu, Juja

Nyote wawili mnajadili sarufi, na mimi naona uzito uko kwenye kanuni. Niruhusuni niende polepole kidogo, maana hapa ndipo wanafunzi wangu huamka.

Sehemu ya msingi ya aljebra hii ina kanuni tano tu. Nne hazishangazi mtu: x + y ni sawa na y + x, mabano ya kujumlisha yanaweza kuhamishwa, na ya "kisha" vilevile, x + x ni x, kwa kuwa kuchagua kati ya kitu na chenyewe si kuchagua. Ya tano inasema (x + y) · z ni sawa na x · z + y · z. Mtu aliyesoma hesabu za darasani anangoja ndugu yake: x · (y + z) iwe sawa na x · y + x · z. Haipo. Waliiacha kwa makusudi.

Sababu yake ni hii. Kuna kibanda unaingia, unaketi, kisha mama anakuuliza: chapati madondo au ugali sukuma? Hiyo ni keti · (chapati + ugali). Kibanda cha pili kina milango miwili inayofanana. Ukiingia mmoja ni chapati tu, ukiingia wa pili ni ugali tu, na ukishaketi hakuna kuhama. Hiyo ni keti · chapati + keti · ugali. Mtu anayeandika tu walichokula watu hataona tofauti: vibanda vyote vina watu walioketi wakala chapati, na walioketi wakala ugali. Lakini siku chapati ikiisha, kibanda cha kwanza kila mtu anakula ugali. Cha pili, nusu ya meza imekaa na njaa, haisongi mbele wala nyuma. Huo ndio mkwamo.

Kwa hiyo swali la "uamuzi unafanywa lini, na nani" ndilo roho ya jambo lenyewe. Vitabu vingi vya kufundishia programu havilitaji hata mara moja. Vinawapa wanafunzi thredi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) na kufuli za kuzizuia zisigongane, na kuwaambia wawe waangalifu.

Lakini siungi mkono kulitia ndani ya lugha. Mwaka 1978 watafiti wa kompyuta Needham na Schroeder walitoa itifaki, yaani utaratibu wa ujumbe, ya kompyuta mbili kutambulishana kwa funguo za umma. Watu waliisoma na kuiamini miaka 17. Mwaka 1995 Gavin Lowe akaonyesha kwamba mtu wa kati anaweza kujifanya mwingine, na mwaka uliofuata akaonyesha jinsi chombo cha kukagua michakato ya CSP, kiitwacho FDR, kinavyoufichua udanganyifu huo chenyewe. Lugha ya programu haikubadilishwa. Alichukua maelezo mafupi, akamweka adui ndani kama mchakato mmojawapo, mashine ikapitia njia zote. Fundisheni aljebra, kagueni kwa chombo, kisha andikeni kwa lugha yoyote mnayolipwa kuiandika.

Mwanzisha mada

Mwalimu, mfano wa kibanda nitauiba, shikamoo yako naitoa mapema.

Kaka wa Rongai, `select` naijua na tumeitumia baadaye. Lakini angalia mpaka wake: inachagua kati ya kutuma na kupokea kwenye chaneli, basi. Siwezi kuchukua mchakato mzima nilioupa jina, tuseme LipaKwaSimu, na mwingine LipaKwaKadi, nikaandika LipaKwaSimu + LipaKwaKadi. Inanibidi nifumue vyote viwili hadi chaneli zao za kwanza na kuziandika upya ndani ya `select` mpya. Kwenye aljebra x na y vinaweza kuwa vikubwa utakavyo, na jumla yao bado ni mchakato unaoweza kujumlishwa tena. Hapo ndipo Go ilipoishia njiani.

Na mwalimu, karatasi huchacha. Mchoro wetu wa kwanza ulisema sekunde 30. Sacco ikalalamika, Ijumaa moja tukabadilisha iwe 45 na kuongeza jaribio la pili, na hakuna aliyefungua mchoro. Chombo chako kingekagua kitu ambacho hakiendeshwi tena na mtu yeyote. Aljebra ikiwa ndiyo programu, anayebadilisha programu amebadilisha na kinachokaguliwa.

Mchangiaji, Kasarani

Nafanya kazi ya malipo kila siku, na nimesoma hadi hapa nikingoja mtu aseme jambo moja. Halijasemwa.

Dada, upenyo uliouziba ni wa ndani ya seva yako. Pesa ya yule mama haiko ndani ya seva yako. Tuseme umeandika "+" safi kabisa. Sekunde ya 30 inafika, saa inashinda, upande wa uthibitisho unaondoka, tiketi inafutwa. Kwenye aljebra umemaliza. Lakini kule kwa mtoa huduma pesa ilishakatwa sekunde ya 28, na ujumbe uko njiani. Atashushwa vilevile, kwenye mvua ileile, safari hii na msimbo usio na kosa hata moja. Jumlisho lako linachukulia kwamba kuchagua ni kitendo kimoja kisichogawanyika. Kati ya kompyuta mbili zenye mtandao mbovu katikati, kitendo kama hicho hakipo.

Ndiyo maana naiheshimu lugha ya Erlang kuliko hizi zote. Ilizaliwa Ericsson, Sweden, mwaka 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu. Kila mchakato una kumbukumbu zake, haugusi za mwingine, wanatumiana ujumbe tu, na anayeanguka anaanguka kisha msimamizi anamwinua. Haikuanza na aljebra. Ilianza na kukubali kwamba vitu huharibika, na WhatsApp ilikua juu yake.

Mwanzisha mada

Nimekaa na hoja hii siku mbili, kaka, kwa sababu ni ya kweli na ilinigonga.

Nilifanya alichofanya Lowe. Nikaacha kuandika seva peke yake, nikauandika mtandao kama mchakato wa pili unaokwenda sambamba nayo, wenye ruhusa ya kuchelewesha ujumbe kadiri upendavyo. Nikaanza kufungua hesabu kwa mkono, tawi kwa tawi. Kwenye tawi la tatu nikafika mahali pabaya: seva imeshafuta tiketi na haina tena kitendo, mtandao umeshika uthibitisho mkononi na hauna wa kumpa. Ni mkwamo. Kwenye msimbo wetu wa kawaida hali hiyo haikuonekana kama mkwamo hata kidogo. Ujumbe uliochelewa ulifika, ukakuta tiketi haipo, ukaandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo, ukasahauliwa. Nimefungua logi hizo jana usiku. Yule mama hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Mstari niliouandika mwanzo ulikuwa na kasoro. Upande wa saa hauwezi kuishia kwa kufuta:

muda_kwisha · futa · uthibitisho_uliochelewa · rudisha_nauli

Hata huu haujakamilika, maana uthibitisho unaweza usije kabisa, na mchakato lazima ubaki ukisikiliza hadi hesabu za siku zifungwe. Lakini nakuomba uone kilichotokea: aljebra haikuniokoa na mtandao mbovu, kweli. Ilinilazimisha kumpa ujumbe uliochelewa mahali pa kutua. Erlang ingemwinua aliyeanguka. Huyu hakuanguka, alimaliza kazi yake vizuri kabisa na kuondoka.

Mchangiaji, Rongai

Na hesabu hiyo umeifanya kwa mkono, kwa kalamu. Kwa hiyo mwalimu ndiye aliyeshinda, si wewe.

Mwanzisha mada

Leo ameshinda. Wiki ijayo tunaongeza malipo ya kadi, na hapo karatasi yangu itakuwa ya zamani. Nitakuwa na michakato mitatu sambamba, na matawi sitayamaliza kwa kalamu.

Mchangiaji, Kasarani

Mmewarudishia nauli wale waliomo kwenye logi?

Mwanzisha mada

Tumeanza asubuhi hii. Namba za simu zimo, kiasi kimo. Sacco imekubali.

Mwalimu, Juja

Nina wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mradi. Nipeni maelezo ya michakato ile mitatu bila majina wala namba za watu. Wawili wataiandika kwa Go na kuikagua pembeni kwa chombo, wawili watatumia kiendelezi chenye aljebra ndani. Kila wiki nitawabadilishia sharti moja bila kuwaonya, kama sacco ilivyofanya Ijumaa ile.

Mchangiaji, Rongai

Hao wawili wa Go niletee mimi. Nitakaa nao Jumamosi.