Wakuu naombeni ushauri, nimeambiwa niigize mwanamke kwenye maigizo ya jadi ya kabuki huku Japani

Mtu wa Yadi: Habari zenu wakuu. Niko Japani mkoa wa Gifu, nafanya kazi yadi ya magari ya mitumba, haya haya yanayopanda meli kuja Dar. Kijiji ninachoishi kila mwaka wanacheza kabuki wenyewe, wakulima, mafundi, mpaka muuza duka. Sasa jamaa aliyekuwa anacheza mjakazi kaumia goti, na mzee wa kikundi kanifuata mimi. Kuna ubaya gani mwanaume kuvaa kimono cha kike na kupakwa rangi jukwaani? Usingizi sipati.

Kisu Butu: Wanalipa bei gani kwanza?

Mtu wa Yadi: Hawalipi mkuu. Watu wanafunga sarafu kwenye karatasi wanarusha jukwaani, ndo heshima yenyewe hiyo.

Ummu Sharifa: Mwanangu, Mtume amekataza mwanamume kujifananisha na mwanamke. Sanaa isikupofushe. Waambie una udhuru, rudi kwenye kazi iliyokupeleka.

Mzee wa Katuni: Mama heshima yako, ila historia tuiseme. Kabuki aliianzisha mwanamke, Okuni, Kyoto 1603, na yeye ndo alikuwa anavaa kiume na upanga kiunoni, watu wanajaa. Serikali ikapiga marufuku wanawake jukwaani 1629 kwa madai ya umalaya, wakaingia vijana wa kiume, nao 1652 wakafungiwa kwa madai hayo hayo. Wakabaki wanaume wazima, ndo wakalazimika kucheza na nafasi za kike, wanaitwa onnagata. Kwa hiyo kilichozaa hicho unachokiogopa ni amri ya serikali. Mi mwenyewe nilianza kufuatilia haya mambo kwa sababu ya Haku wa katuni ya Naruto, nilimpenda sana yule dada, halafu anatamka kwamba yeye ni mvulana, kaka yangu alinicheka mwezi mzima.

Dada wa Temeke: Hahaha Haku katuponza wengi. Mi nilisoma Osaka, nikapelekwa mji wa Takarazuka kuona maigizo yao, kule jukwaani ni wanawake watupu tangu 1914, wanaocheza wanaume wanakata nywele fupi na sauti wanaishusha kabisa. Ukumbi umejaa kinamama, aliposhuka ngazi yule mkuu wao na suti nyeupe, jirani yangu bibi wa watu alilia kwa kwikwi. Na Tezuka, yule mchoraji wa katuni, kakulia mji ule ule, ndo maana 1953 akachora binti wa mfalme mwenye mioyo miwili, wa kike na wa kiume. Nilitamani kurudi tena ila nauli ndo vile.

Kisu Butu: Sasa mleta mada mbona presha yote hii kwa mjakazi? Kuna kitu unatuficha. Sema.

Mtu wa Yadi: Sawa. Nina mchumba Pangani. Posa imeshapokelewa, baba yake anafundisha madrasa. Na hapo nilipoandika juu nilishakubali, kichwa kimeshapimwa wigi na jina langu liko kwenye tangazo lililobandikwa stendi. Lakini nieleweni, huku ni sanaa ya wazee wao, Bandō Tamasaburō anacheza wanawake maisha yake yote na 2012 taifa likampa heshima ya hazina hai. Mimi ni dakika chache tu, nabeba chai nainama natoka.

Ummu Sharifa: Kumbe ulishaamua! Ushauri wa nini tena? Na huyo binti anajua?

Mtu wa Yadi: Bado.

Nyundo ya Tanga: Samahani wadau, hii ni CHAI. Nimefuatilia kabuki za vijijini, siku hizi mpaka wanawake na watoto wanacheza. Wakose mwanamke kijiji kizima wamfuate mbeba gia wa yadi? Mods fungeni uzi.

Mtu wa Yadi: Mkuu wanawake wapo, wamejaa kwenye nafasi nyingine, wawili wanacheza wanaume. Huyu mjakazi hana maneno mengi ndo maana nikapewa mimi. Unataka ushahidi? Kila jioni mzee ananiwekea karatasi katikati ya magoti natembea ukumbi mzima, ikidondoka naanza upya. Mabega unayavuta nyuma mpaka mifupa ya mabega ikaribiane mgongoni, halafu unayashusha, ndo yanaonekana membamba. Nyusi unazifunika kwa nta kwanza, ile rangi nyeupe inafuata, na shingo ya nyuma lazima mwenzako akupake maana huifikii. Kanambia usiigize sauti ya mwanamke, tuliza mwili kwanza sauti itafuata. Kitu kizuri hivi sijawahi kufundishwa na mtu.

Dada wa Temeke: Hapo kwenye mabega hatungi huyu. Mpigie binti LEO, asije akaiona picha kwa shoga yake.

Nyundo ya Tanga: Karatasi ya magoti naijua, nafuta kauli. Ila ukiwa hapo hapo yadi, IST nyeupe inaweza kufika bei gani mpaka Tanga?

Mtu wa Yadi: Njoo PM mkuu. Dada nimeongea naye sasa hivi. Kanuna kidogo, kauliza kama nitaguswa na mwanaume yeyote humo jukwaani, nikamwambia hapana. Kasema baba yake nisimwambie mimi, amwambie mshenga, na aambiwe kabla ya onyesho. Namtafuta mshenga kesho asubuhi, jioni mazoezini.

Ummu Sharifa: Mshenga akikataa kusema je?