Fundi aliyeniambia umeme hauna macho ya kuona rangi ameiacha nyumba yangu na gari langu katika hatari

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Nimekaa kimya wiki mbili nikitumaini kwamba fundi ninayemlalamikia, aliyefunga nyaya za nyumba yangu na taa za ziada kwenye gari langu, angerudi kurekebisha alichoharibu, lakini sasa hata simu hapokei. Kwa hiyo ninaliweka jambo hili hadharani, na ninawaomba hasa mafundi wenzake waliomo humu walisome hadi mwisho.

Siku ya tukio mke wangu alikuwa anatoa nguo kwenye mashine ya kufulia, sakafu ikiwa imelowa. Mashine ilikuwa imesimama ghafla katikati ya kazi, taa zake zote zimezimika, na yeyote angedhani kwamba haina umeme. Alipoushika ubavu wake wa chuma alipigwa shoti iliyomtupa ukutani. Nilizima swichi kuu nikafungua soketi. Ndani nilikuta waya wa kijani na njano, yaani ethi, ule waya wa usalama, umekatwa na kukunjwa nyuma ya kisanduku bila kuunganishwa popote, na badala yake kipande cha waya chenye urefu wa kidole gumba kimefungwa kati ya sehemu ya ethi na sehemu ya nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme.

Ubaya wa kipande hicho ni kwamba kinadanganya kila mtu. Maadamu nyutro ni nzima, mashine inafanya kazi vizuri, na hata kile kipimo cha kuchomeka chenye taa tatu kinaonyesha kwamba soketi ina ethi, kwa sababu kinapima tofauti ya volti tu na hakiwezi kujua kwamba ethi hiyo ni nyutro iliyobadilishwa jina. Siku nyutro inapolegea, na kwangu ililegea darini kwenye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, umeme unaopita ndani ya mashine unakosa njia ya kurudi, na kupitia kipande kile volti 230 zinakaa kwenye bodi ya chuma zikingoja mkono wa mtu. Sakiti breka, yaani swichi inayojikata yenyewe mkondo ukizidi, haikati, kwa kuwa hakuna mkondo mkubwa unaopita. Nyumba yangu haikuwa na kile kifaa kinachokata umeme kinapohisi uvujaji wa miliampea 30, ambacho pengine kingeikatisha mapema shoti iliyompiga mke wangu.

Fundi alikuja mara moja tu baada ya tukio hilo. Nilipomwonyesha kipande kile alinijibu bila wasiwasi: "Mzee, mbona kwenye gari hasi na bodi ni kitu kimoja, na hakuna anayekufa?" Jibu hilo liliniuma kuliko kazi yenyewe mbovu, kwa sababu ndiye mtu yuleyule anayetengeneza nyaya za magari, na kumbe hajui kwamba neno ethi linabeba kazi mbili tofauti kabisa. Katika gari, bodi ni njia ya kawaida ya kurudishia umeme kwenye betri, na inapitisha mkondo kila taa inapowaka na mkondo mkubwa zaidi stata inapozungusha injini. Katika nyumba, waya wa ethi haupaswi kubeba mkondo wa matumizi hata siku moja. Upo kwa ajili ya hitilafu, ili waya wa moto, yaani unaoleta umeme, ukigusa chuma, umeme upate njia nyepesi ya kurudi kwenye chanzo, mkondo uwe mkubwa ghafla na breka ikate. Nyutro na ethi zikikutanishwa, hukutanishwa mahali maalumu kwenye chanzo cha umeme, wala si nyuma ya soketi ya mtu.

Halafu kuna suala la rangi. Nilifungua swichi ya ukumbini nikakuta waya wa kijani na njano ndio unaopeleka moto kwenye taa. Nilipomuuliza alisema kwamba waya wa kahawia ulikuwa umemwishia, na kwamba umeme hauna macho ya kuona rangi. Umeme hauna macho, nakubali, lakini fundi atakayepanda ngazi baada yake anayo, na atakapoona kijani na njano ataushika waya ule akiamini kwamba hauna kitu, kwa kuwa rangi hiyo imetengwa kwa ajili ya ethi peke yake.

Rangi nyingine zinahitaji umakini zaidi, kwa sababu maana yake hubadilika. Kwa mfumo wa kimataifa, kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Katika nyaya za zamani za Kiingereza moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi, na Uingereza yenyewe ilianza kuubadilisha mfumo huo kwenye nyaya za ukutani mwaka 2004. Marekani nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro. Nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na mifumo miwili ndani ya ukuta mmoja, ambapo nyeusi ni nyutro huku na moto kule. Fundi makini hupima kwanza, tena baada ya kukihakikisha kipimo chake kwenye waya anaojua una umeme. Huyu wangu hakupima chochote.

Kwenye gari alirudia kosa hilohilo kwa upande wa pili. Magari mengi ya Kijerumani hutumia kahawia kwa waya unaokwenda kwenye bodi, na taa za ziada nilizomletea zilifuata mpangilio huo. Yeye, kwa mazoea ya nyumbani, aliufunga waya wa kahawia kwenye chanya ya betri, tena bila fyuzi. Ganda la plastiki liliyeyuka tangu kwenye betri hadi kwenye bampa kabla sijauchomoa. Volti 12 hazitupi mtu ukutani, lakini betri ya gari ambayo chanya na hasi zake zimegusana moja kwa moja inaweza kusukuma mamia ya ampea, na hizo zinatosha kuunguza gari zima.

Suluhisho alilonipa kwa upande wa nyumba lilikuwa kuchimbia fimbo ya shaba nje na kuunganisha mashine hapo. Nilikataa. Fimbo yenye ukinzani wa omu 50 inapitisha ampea 4.6 tu kwenye volti 230, na breka yangu ya soketi ni ya ampea 32. Isingekata hata kwa mwaka mzima, na bodi ya mashine ingebaki na moto wakati wote huo.

Nimemleta fundi mwingine, amefungua soketi zote 14, na 5 kati ya hizo zilikuwa na kipande kama kile. Ninamtaka fundi wa kwanza, kama anasoma hapa, arudishe fedha za kazi hiyo na awapigie simu wateja wake wote wa nyuma ili wafunguliwe soketi zao. Jana nimesikia kwamba ameanza kutandaza nyaya kwenye nyumba nyingine.