Kuhamisha kozi ya mikorosho: faili linakatikia njiani

Wakuu habari za jioni. Nipo Naliendele, Mtwara. Nina kozi ya kuhudumia mikorosho kwenye Moodle (programu ya kuendeshea kozi mtandaoni): masomo 14, majaribio, na video za kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Mwenye seva kapandisha bei, nahamia kwingine, Moodle vilevile. Nimepiga bakapu (nakala ya kozi nzima), faili lake la .mbz limefika GB 3. Nikipakia linafika katikati linakata. Bando la usiku limeniishia mara mbili. Nifanyeje?

Jibu, kutoka Lindi:
Pole ndugu yangu. Mzigo hapo ni video, kozi yenyewe nyepesi. Zipeleke YouTube, chagua "haijaorodheshwa" (anaiona mwenye kiungo tu), kwenye masomo ubaki na viungo tu. Halafu piga bakapu upya. Seva mpya nayo ina kikomo cha ukubwa wa faili, waulize kabla hujanunua bando lingine.

Jibu, Masasi:
Angalia toleo la Moodle huko uendako, lisiwe la zamani kuliko lako, utapambana na makosa bure. Maswali ya majaribio yatoe pembeni kwenye faili la XML (aina ya faili la maandishi), iwe akiba. Na alama za wanafunzi je? Wakati wa kupiga bakapu, usipoweka tiki kwenye watumiaji, haziendi. Mwalimu wa kawaida hana ruhusa hiyo, mwombe msimamizi.

Mwuliza swali:
Lo! Tiki sikuweka. Nina watu wameshafika somo la 11, wangenila nyama. Kesho namfuata msimamizi. Video naanza leo saa sita usiku, mama watoto kashasema bando hili ndilo la mwisho.