Macho ya mtoto yamekuwa ya njano (gumzo la kikundi: FAMILIA YA PONGWE)

Saumu: Asalaam aleykum, shkamooni wakubwa. Jmn mtoto naona macho ya njano, mwanzo nilidhani ni balbu ya chumbani maana nayo ina unjano wake, asubuhi hii nimemtoa barazani naona ni kweli na uso pia

Anko Hemedi: Waleykum salaam. Kawaida hiyo, wangu wote walipata. Jua la asubuhi tu

Bibi (anaandika Kassim): Bibi anasema usihangaike, mtoe juani saa moja mpaka saa mbili umvue nguo zote na umpe maji ya glukosi kwa kijiko, ndivyo alivyowalea wote mliomo humu

Dada Rehema: mliomo humu 😂😂

Iddi: Shkamoo bibi. Glukosi ipo nilinunua dukani jana, nimpe kiasi gani

Shangazi Mwajuma: IDDI IWEKE CHINI HIYO GLUKOSI

Shangazi Mwajuma: Niko zamu nachungulia simu mara moja. Saumu nijibu upesi, leo ana siku ngapi, njano umeiona lini, ananyonyaje, anakojoa?

Saumu: Shkamoo shangazi. Leo siku ya nne, jana jioni ndo nilianza kuhisi. Anakojoa ila kidogo. Kunyonya ananyonya lkn analala sana, usiku kalala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri nikasema alhamdulillah nimepata mtoto mtulivu

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Mtoto wa siku nne kulala usiku kucha bila ziwa sio utulivu mwanangu. Anyonye mara 8 mpaka 12 kwa siku na usiku umo humo, yakipita masaa matatu mwamshe, mfunue, msugue nyayo. Sasa msogeze dirishani kwenye mwanga, bonyeza kidole kwenye paji la uso uachie uone rangi ya pale ulipobonyeza kabla damu haijarudi, halafu shuka hivyohivyo kifuani, tumboni, mapajani, umalizie viganja na nyayo. Ngozi zetu nyeusi zinaficha kwa hiyo angalia na fizi

Kassim: Shangazi kwani njano yenyewe inatoka wapi, au ni malaria?

Shangazi Mwajuma: Sio malaria. Mtoto anazaliwa na damu nyingi ya ziada, ile ikivunjika inatoa kitu kinaitwa bilirubini, na ini lake bado changa halijui kukitoa haraka. Zaidi ya nusu ya watoto wanapata njano siku ya 2 au ya 3 na kufika wiki mbili imeisha yenyewe, hiyo haina neno. Shida ikipanda sana inaingia kwenye ubongo, mtoto anaweza kufa au akabaki kiziwi, au viungo havimtii maisha yake yote. Na bilirubini inatoka mwilini kupitia choo, choo kinaletwa na maziwa, ndo maana nimepiga kelele ya glukosi, inajaza tumbo ziwa halishuki choo hakitoki na njano inanyonywa upya kwenye damu

Saumu: Shangazi nyayo za njano. Viganja naona kama navyo

Shangazi Mwajuma: Basi hospitali, leo, sasa hivi. Ikishafika viganja na nyayo hatungoji. Na wengine mnaosoma mjue, njano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa hata kama iko usoni tu ni hospitali pia. Iddi tafuta bajaji, boda hapana. Saumu kadi ya kliniki inasemaje grupu lako la damu?

Saumu: O chanya

Iddi: Mm B

Shangazi Mwajuma: Ehee. Mama O baba B, mtoto akichukua B yako kinga za mama zinaweza kuwa zinavunja damu yake. Mwambieni daktari mkifika msisubiri kuulizwa. Kitovu mmekipaka nini?

Saumu: Hatujapaka kitu, kikavu hakina harufu

Shangazi Mwajuma: Vizuri. Nguo anazovaa?

Saumu: Zile za sanduku la bibi shangazi, zinanukia naftalini kidogo

Bibi (anaandika Kassim): Anasema zilikuwa zangu mimi Kassim, nzima hazina hata tundu moja

Shangazi Mwajuma: Nguo nzuri mama yangu lkn avuliwe. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, kinaitwa G6PD, huku kwetu kwenye malaria wapo wengi na wa kiume ndo zaidi, na huyu wetu ni wa kiume. Mwenye nao akivuta naftalini chembe za damu zinapasuka kwa kasi. Kama anao au hana watajua wakipima, sisi tumvalishe nguo nyingine twende

Anko Hemedi: Lkn dada jua kweli halisaidii hata kidogo?

Shangazi Mwajuma: Mwanga wa bluu ndo unaotibu na jua linao kiasi, ila ukimweka uchi huko nje ataungua au atapata baridi, na huwezi kujua kama bilirubini inashuka au inapanda. Linalonikera mimi ni kwamba linawapa watu moyo wa kungoja, tunapokea watoto wamekakamaa mgongo umepinda kwa nyuma ukiuliza wazazi wanakwambia tulikuwa tunamwotesha jua

Bibi (anaandika Kassim): Bibi anasema wa kukakamaa zamani walifukizwa. Amenyamaza sasa hivi

Shangazi Mwajuma: Saumu njiani mpe ziwa. Akilikataa, akilegea, akilia kasauti kembamba kakali, degedege, joto likifika 37.5 au mwili ukawa wa baridi, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika, msikae foleni, ingieni moja kwa moja mseme mtoto mchanga kazidiwa. Narudi wodini

Iddi: Tumefika. Wamemtoa damu

Iddi: Iko juu lkn haijafika ya kubadilishwa damu. Kawekwa chini ya taa macho yamefungwa kitambaa, Saumu analia

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah. Mwambie kitambaa ni cha kumlinda macho tu. Atolewe anyonye arudishwe, kila masaa mawili matatu, akishindwa kuvuta akamue wampe kwa kikombe. Choo kitakuwa laini cha kijani msiogope ndo inatoka hiyo. Ngozi itawadanganya itaonekana safi mapema, ngojeni kipimo, na mkitolewa mrudi kupima tena maana inaweza kupanda

Dada Rehema: Na ikigoma kuisha?

Shangazi Mwajuma: Wiki mbili zikipita bado ya njano, au choo cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi iliyokolea unaacha doa kwenye nepi, hapo huenda ni njia za nyongo au ini, na kama ni hizo taa haisaidii kitu, apelekwe hospitali kubwa haraka

Bibi (anaandika Kassim): Bibi anauliza uji wa pilipili manga unaruhusiwa wodini

Shangazi Mwajuma: Wa Saumu ruksa hata chupa mbili. Wa mtoto marufuku

Bibi (anaandika Kassim): Anasema hana wazimu

Dada Rehema: Mm napita saa kumi Kassim, chupa ya chai iwe mlangoni na kanga mbili safi, zisitoke kwenye sanduku 😅