Kikundi: WAJUKUU WA BI TAUSI, UJIJI

Shangazi Zuhura 07:12
Asalaam alaykum nyote. Tableti ya mama haichaji tangu juzi. Picha za marehemu zote zimo humo na hitma ni Jumapili. Fundi wa Mwanga kasema sistimu chaji, pale waya unapochomekwa, imekufa, elfu 25. Kila nyumba elfu 5, leo.

Shangazi Zuhura 07:31
Naona mmesoma. Kimya.

Hamisi 07:52
Waalaykum salaam shangazi. Fundi kaifungua au kaiangalia tu?

Shangazi Zuhura 07:53
Kachomeka chaji yake, kachomoa, kasema imekufa.

Hamisi 07:55
Basi hajapima kitu. Nyie mnachajia kichwa gani?

Shangazi Zuhura 07:55
Cha kiswaswadu changu.

Hamisi 07:58
Kile kidogo mno, hakifiki hata ampia 1, tableti inataka 2. Soma yale maandishi madogo kwenye kichwa chenyewe. Halafu ikiisha kabisa inaweza kukaa nusu saa kwenye chaji bila kuonyesha chochote, watu wanadhani imekufa.

Mjomba Rajabu 08:03
Huo waya wa mama toka Stanley amkute Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871 haujabadilishwa 😂😂

Hamisi 08:06
Mwanaidi, tafuta waya ambao una uhakika unachaji simu nyingine. Pia mulika tochi ndani ya tundu. Vumbi hujishindilia kule nyuma mpaka waya haufiki mwisho. Zima kwanza, chokonoa kwa kijiti cha meno taratibu. Sindano hapana, vile vyuma vya katikati vikipinda umejinunulia kazi.

Mwanaidi 08:40
Imetoka pamba. Na kichwa cha dagaa.

Shangazi Zuhura 08:40
KICHWA CHA NINI

Mjomba Rajabu 08:41
Kumbe mwizi wa dagaa za hitma iliyopita ni tableti 😂

Mama Swaumu 08:47
Migebuka ya leo ipo Kibirizi, mikubwa, anayetaka aje inboksi

Shangazi Zuhura 08:48
Mama Swaumu hapa si mwaloni.

Mwanaidi 09:26
Waya mpya nao kimya. Ila shangazi, kioo kimenyanyuka pembeni, ukucha unaingia. Nikiilaza mezani inazunguka kama pia.

Mjomba Rajabu 09:27
Ina mimba hiyo

Mama Swaumu 09:27
Pacha 😂

Hamisi 09:29
Mwanaidi chomoa sasa hivi. Betri imevimba.

Mjomba Rajabu 09:30
Jina la mtoto tutoe sisi wajomba

Shangazi Zuhura 09:31
Hamisi usitutishe. Jana imelala kwenye chaji chini ya mto wa mama na haikufanya kitu.

Hamisi 09:33
Chini ya mto?? Shangazi, ile ni gesi imejaa ndani ya betri. Ikitobolewa au ikipata joto inawaka, na moshi wake ni sumu. Msikibonyeze kioo kirudi. Huyo fundi angefunga sistimu chaji mpya, umeme ungeingia kwenye betri hiyo hiyo. Niletewe nitoe betri nifunge nyingine. Picha zimo kwenye bodi, betri haina picha.

Mjomba Rajabu 09:36
Elfu 25 imehama Mwanga imekuja Gungu 😂

Shangazi Zuhura 09:41
Na simu ya marehemu nayo uliifungua hivyo hivyo Hamisi. Memori kadi mpaka leo hatujaiona.

Hamisi 09:42
*Ujumbe huu umefutwa*

Hamisi 09:50
Ile ililetwa kwangu baada ya kulala siku nne kwenye ndoo ya mchele. Mchele hautoi maji yaliyoingia chini ya bodi, nilikuta kutu tupu. Na kadi nilimkabidhi mtu. Yumo humu.

Shani 09:51
👀

Mjomba Rajabu 09:58
Niko kazini jamani

Babu Mkubwa Mrisho 12:05
🎤 Ujumbe wa sauti (0:38)

Mwanaidi 12:11
Kwa wasio na bando, Babu Mkubwa anasema: "Zuhura, mama yako hainuki upesi kama zamani. Hicho kitu kitoke chumbani kwake kabla ya adhana. Hamisi ataifanya, pesa asidaiwe mtu kwa kelele. Na Rajabu, Jumapili uje na lile koti."

Shangazi Zuhura 12:30
Sawa baba.

Mwanaidi 12:34
Imetoka. Nimeiweka kwenye karai la bati uani, kivulini.

Hamisi 12:35
Hapo hapo. Watoto wasiisogelee.

Shangazi Zuhura 13:15
Nani anaipeleka Gungu? Mwanaidi hapandi bodaboda na kitu hicho mapajani. Waliotoa mpaka sasa: Mama Swaumu, mgebuka mmoja.

Shani 18:44
Ndo nawasha data. Tableti gani tena?

Mjomba Rajabu 21:10
Jumapili nina safari ya Uvinza

Shangazi Zuhura 21:10
Hitma ni saa nne asubuhi Rajabu. Uvinza utaikuta.

Mama Swaumu 21:32
Imebaki mitatu