Natumia dawa ya mifupa. Je, ninyanyue vyuma au nitajivunja?

BibiMwendo: Habarini wadau. Nina miaka 66. Mwaka jana niliteleza bafuni nikavunjika mkono, na kipimo cha mifupa kikasoma -2.8 nyongani, yaani mifupa imedhoofika sana. Daktari akaniandikia alendroneti 70 mg, kidonge kimoja kwa wiki. Binti yangu ananisukuma nianze vyuma, dada yangu anasema nikibeba kizito nimekwisha. Nimsikilize nani? Na kama mazoezi yanajenga mfupa, dawa si niache? Maana inanichoma kifua.

Mnyooshaviungo: Shikamoo mama. Binti yuko sahihi, ila asikuanzishe yeye. Dawa hupunguza kasi ya mfupa kuliwa. Vyuma huutikisa mfupa ujue bado una kazi, na huipa miguu nguvu usianguke tena. Hakuna kidonge kinachozuia kuteleza bafuni! Kuna utafiti wa Australia, wanawake wa miaka 58 na zaidi waliokoma hedhi, mifupa imepungua. Walinyanyua vizito hasa, nusu saa mara 2 kwa wiki kwa miezi 8, na mifupa ya uti wa mgongo ikaongezeka. Lakini walisimamiwa muda wote na walianza na vyepesi. Kwanza upigwe picha ya mgongo kuona kama kuna pingili iliyobonyea. Na usiiname kwa kukunja mgongo ukiwa na mzigo, kunja nyonga na magoti.

Dada_K: Kutembea tu hakutoshi, nilitembea miaka 4 kipimo kikazidi kushuka.

Sindano2: Dawa usiache kienyeji. Mimi nachomwa denosumabu, sindano ya mifupa, kila miezi 6. Hiyo ukiikatisha bila kupewa nyingine, mfupa hupungua kwa kasi na pingili zinaweza kuvunjika. Yako si kali hivyo, lakini uamuzi ni wa daktari.

Mnyooshaviungo: Hicho kifua mwambie daktari wiki hii, usipuuze. Unamezaje kidonge?

BibiMwendo: Alfajiri, na chai, kisha narudi kulala kidogo.

Mnyooshaviungo: Mama! Tumbo tupu, glasi nzima ya maji ya kawaida, halafu ukae wima au usimame dakika 30 bila kula chochote. Ukilala kinarudi kooni na kuunguza.

BibiMwendo: Miezi 5 yote hiyo. Nampigia daktari kesho kabla ya kumeza kingine. Dada yangu sijamwambia kitu bado.